Baba Hajulikani

Kinshasa, Ijumaa 3 Septemba 1976

Yaya Mutale,

Orodha ya waliokubaliwa kusoma udaktari imefungwa jana, na binti yako Alima hayumo. Aliyesema ni katibu wa kamati ya uandikishaji, mbele yangu na wenzangu wawili wa magazeti. Nilimfuata baadaye nikamwuliza peke yake, akarudia maneno yaleyale.

Sababu ni hii. Kila mkoa umepewa nafasi zake. Shaba, mkoa wetu, imepata kumi na mbili, na wa mwisho aliyeingia kwa alama ana 57. Kivu nayo imepata kumi na mbili, lakini huko wagombea walikuwa wengi, na wa mwisho ana 69. Binti yako ana 66. Angehesabiwa Shaba, angekuwa wa tatu. Amehesabiwa Kivu kwa sababu mtoto hufuata mkoa wa baba, baba hufuata wa babu, na baba wa mumeo Yuma alitoka Kasongo, Maniema, ndani ya Kivu. Nilimweleza katibu kwamba mume wako amezaliwa Lubumbashi na hajawahi hata kuiona Kasongo. Akasema, "Kasongo inamwona yeye."

Mpe mtoto habari hii wewe mwenyewe, dada yangu, asiisikie kwa rafiki yake Virginie. Virginie yumo, kwenye orodha ya Shaba, kwa alama 51. Sijakosea kuandika: hamsini na moja. Nilipouliza imekuwaje, katibu alisema ziko nafasi za mapendekezo, akafunga kikao.

Barua hii inaletwa na mtu anayepanda ndege ya kesho. Anarudi Alhamisi. Mpe majibu akiwa bado uwanja wa ndege wa Luano.

Mdogo wako,
Kunda


Lubumbashi, Bel-Air, 8 Septemba 1976

Kunda mdogo wangu,

Nilimwambia. Alikuwa anachambua mchele wa futari, akaendelea kuchambua. Nikafikiri hakusikia, nikarudia. Akasema, "Nimesikia, mama."

Jioni akaja Virginie na dereva wa baba yake. Unajua kwamba Alima amekwenda kwao Golf, mtaa wa wakubwa, kila Jumamosi miaka miwili kumfundisha kemia, na baba yake, mkurugenzi mzima, alikuwa akimletea soda kwa mkono wake. Yule mtoto hana ubaya. Aliruka kutoka garini: "Alima, tutakaa chumba kimoja! Weye utanifundisha, miye nitakupikia."

Alima akamjibu, "Utapika nini? Weye hata maji inakuungulia."

Wakacheka wote wawili. Gari lilipoondoka, Alima akaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa. Siku hiyo hakufuturu.

Sasa nisikilize. Tangu lini mtoto akawa wa baba? Wewe mwenyewe ulirithi jina na mashamba ya mjomba wetu kule Sakania, hukurithi kitu kwa baba yetu. Nimesilimu, nimeolewa na mtu wa Maniema, lakini tumbo langu halikuhama. Kwetu Alima ni wako kuliko alivyo wa Yuma. Nenda kamwambie huyo katibu wako, "Ile mutoto iko yetu." Jirani yetu Anaclet, anayefanya kazi kwenye zoni, ofisi ya serikali ya mtaa, anasema njia ipo, lakini iulizwe huko juu kwanza.

Yuma sijamwambia bado. Amefunga, na ana kanzu za Idi za kushona. Sitaki kumsumbua.

Yaya wako,
Mutale


Kinshasa, 13 Septemba 1976

Yaya Mutale,

Nimeuliza. Njia ipo, na ni moja.

Ukoo wa mama hauhesabiwi. Nilimweleza katibu desturi yetu ya kurithi wajomba. Alinisikiliza kwa adabu na hakuandika chochote. Mtoto huchukua mkoa wa mama kama tu baba yake hajulikani. Kwa mtoto aliyetumia jina la baba miaka yote, inabidi mwanamume huyo aende kwenye zoni, pamoja na mama na mashahidi wawili, aseme kwa mdomo wake kwamba si baba yake. Ifanyike kabla ya tarehe 24.

Yuma lazima aelewe anachokwenda kusema. Ni Mwislamu na ni mtu wa neno lake. Kwao, mume akimkana mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, amesema jambo kuhusu mke pia. Sheria yao siijui. Amwulize mwalimu wa msikiti kabla, si baada. Msomee barua hii yote, usimpunguzie neno. Mimi simshauri afanye wala asifanye.

Ujue pia kwamba jina moja likiingia, moja linatoka. Wa kumi na mbili ni kijana anayeitwa Ngosa, ambaye mama yake bado anamwita Donat ingawa majina hayo ya Kikristo yamekatazwa na serikali. Ametoka kijiji kilicho mbele ya Kasenga. Nilipita kwenye shule yake mwaka juzi kwa kazi ya gazeti: madarasa manne chumba kimoja, kitabu kimoja cha fizikia, nacho kimekatika kurasa za mwisho. Mpango wa mikoa uliwekwa kwa ajili ya watoto kama yeye, na kwake umefanya kazi.

Virginie hatatoka. Niliuliza hilo pia.

Makala niliyoandika kuhusu mapendekezo mhariri ameirudisha. Hakutoa sababu, sikuomba.

Kunda


Bel-Air, 18 Septemba 1976

Kunda,

Tumemaliza. Tulikwenda juzi, Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Anaclet alikuwa shahidi wa kwanza. Wa pili ni Mzee Bahati, yule muuza vitabu vya dini. Yuma mwenyewe alimtaka, anasema hataki shahidi wa kuokota njiani. Karani alikuwa na haraka ya chakula chake.

Yuma alikubali bila maneno mengi. Nilimsomea barua yako. Tuliporudi akaenda moja kwa moja kwenye cherehani.

Alima hajui kitu. Nimemwambia tumekata rufaa.

Na yule kijana wa Kasenga, ungemwita "wa kumi na mbili" tu, ingetosha. Kwa nini uliniandikia mpaka jina analoitwa na mama yake?

Mutale


SIMU YA MAANDISHI. KINSHASA, 24 SEPTEMBA 1976

ALIMA AMEKUBALIWA UDAKTARI. SHABA, WA TATU. AFIKE KINSHASA KABLA YA JUMATATU 18 OKTOBA. KUNDA


Bel-Air, 29 Septemba 1976

Kwa Shemeji Kunda,

Baada ya salamu. Sisi ni wazima wa mwili.

Shemeji, dada yako anakaa Katuba kwa shangazi yenu tangu siku ya pili ya Idi. Ni mimi niliyempeleka, na godoro lake. Alima yuko hapa na mimi. Nitakueleza ilivyokuwa.

Kwenye zoni nilikuwa nimejiandaa kusema maneno yaliyotakiwa, kwamba huyu mtoto si wangu na baba yake hajulikani. Nikayasema. Karani akaniuliza kwa heshima ya ofisi, "Citoyen, uko na hakika?" Anaclet ameniambia baadaye kwamba "ndiyo" ingetosha, karani alikuwa tayari ameshika muhuri. Lakini mimi nimeuza nguo miaka thelathini. Mtu akiniuliza kama nina hakika ya kitambaa, ulimi wangu unajua jibu moja. Nikasema, "Wallahi." Mchana wa Ramadhani, nimefunga.

Mzee Bahati akaweka kalamu chini, akanitazama. Kisha akaiokota akatia sahihi, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Alikaa na jambo hilo moyoni mpaka siku ya Idi ilipopita, akamwendea mwalimu. Wakaniita. Mwalimu akasema, "Yuma, umeapa kwa Mungu kwamba binti wa mkeo si wako. Kwa hiyo umemtuhumu mkeo uzinzi. Ni kweli?" Nikasema si kweli, ni mambo ya shule. Akasema, "Basi umeapa uwongo. Chagua."

Shauri lao ni hili. Kama kiapo ni cha kweli, ndoa yetu haipo tena. Kama ni cha uwongo, nisimame mbele ya waumini wote baada ya sala ya Ijumaa, niseme Alima ni damu yangu na nilimtaja Mungu kwa uwongo. Siku hiyohiyo Mzee Bahati atakwenda zoni kufuta ushahidi wake. Mpaka nichague, mimi na Mutale tusilale nyumba moja.

Nimekataa kusimama. Nikisimama, nafasi ya mtoto inaondoka. Udaktari ni miaka saba. Nitakaa peke yangu miaka saba. Mutale naye amekubali. Wateja bado wanakuja, ingawa vijana wa kona wamenipa jina. Jana mmoja alinitupia suruali yake: "Baba Hajulikani, unishonee hapa ku goti." Nikamshonea.

Sasa nina swali moja. Mutale aliniambia uliandika kwamba haya ni maneno ya ofisi tu, msikitini hayana uzito, na kwamba ulikwisha kumwuliza mtu wa dini huko Kinshasa. Alinisomea yeye, sikuona haja ya kuishika barua mwenyewe. Uliandika hivyo? Kama uliandika, ulikosea, na itaniwia vigumu kukusamehe. Kama hukuandika, nataka kujua ni mtu gani ninayekubali kumngojea miaka saba.

Yuma Abibu


Kinshasa, Jumamosi 2 Oktoba 1976

Shemeji Yuma,

Barua yako nimeipata leo asubuhi.

Ulichosomewa ndicho nilichoandika. Niliandika kwamba ni maneno ya ofisi tu, na kwamba nilimwuliza mtu wa dini. Sikumwuliza mtu yeyote. Yaya Mutale alikusomea kama ilivyo, hakuongeza na hakupunguza.

Kosa ni langu.

Kunda


Katuba, 6 Oktoba 1976

Kunda,

Yuma alikuja jana. Hakuingia, alisimama nje ya mlango na mimi nikiwa ndani, akanisomea barua yako kwa sauti mpaka jina lako la chini. Akasema, "Ndugu yako ni mutu wa gazeti, anajua kusema kitu vile kilipita." Halafu akaniomba radhi, kwamba alinidhania vibaya.

Nikamwitikia. Ningefanya nini? Ile barua yako ya tarehe 13 nimeitia kwenye jiko la makaa.

Amesema pia usifike nyumbani kwake tena, iwe sikukuu iwe msiba. Nimekaa na neno hilo tangu jana.

Alima anadhani niko hapa kumwuguza shangazi. Ndege yake ni Alhamisi ya tarehe 14. Akishapanda, hata akijua, atajulia huko. Mpaka hapo nakuomba, usimwambie kitu.

Mutale


Bel-Air, 6 Oktoba 1976

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakuja na mtu yuleyule anayeleta ya mama. Sikumwambia mama.

Nakuuliza wewe kwa sababu ukisema jambo limetokea, huwa limetokea. Mama yuko Katuba kumwuguza shangazi yake, lakini huyo shangazi nimemwona sokoni asubuhi tatu, anauza makaa na kutukana watu kama kawaida. Baba hali chakula mpaka nikae naye. Vijana wa kona wanamwita Baba Hajulikani, nami nikipita wananyamaza. Na mimi ni mtu wa Kivu kwa karatasi zangu zote, lakini simu yako imesema nimeingia Shaba, wa tatu. Rufaa gani inayobadilisha mahali alikotoka babu wa mtu?

Mjomba, mimi ndiye ninayepanda hiyo ndege. Usiniandikie kama mtoto.

Alima


Kinshasa, 8 Oktoba 1976

Alima,

Hapakuwa na rufaa. Tarehe 16 Septemba baba yako alikwenda kwenye zoni akasema wewe si mtoto wake, ili uhesabiwe mkoa wa mama yako. Mama yako alikuwapo. Karani alipomwuliza kama ana hakika, baba yako aliapa kwa Mungu, jambo ambalo hakulazimishwa. Wazee wa msikiti wanasema kiapo hicho kama ni cha kweli kimevunja ndoa, na kama ni cha uwongo akifute hadharani. Akikifuta, nafasi yako itafutwa nayo. Amekataa kukifuta. Ndiyo sababu mama yako yuko Katuba.

Mama yako ameniomba nisikuambie. Nimekuambia kwa sababu umeuliza.

Nafasi uliyopewa ilikuwa imekwisha kupewa kijana wa upande wa Kasenga, Donat. Ana 57. Wewe ulisoma kwa masista, kwenye maabara. Yeye alisoma fizikia kwenye kitabu kisicho na kurasa za mwisho. Nani kati yenu anastahili zaidi sijui, na sijapata mtu aliyenionyesha namna ya kujua.

Haya ndiyo yote ninayoweza kukuandikia. Ushauri sina. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu ya tarehe 18.

Mjomba wako,
Kunda


Bel-Air, 12 Oktoba 1976

Mjomba,

Jana nilikwenda kwenye zoni. Nilimpitia Mzee Bahati kwanza, akafunga duka bila kuuliza kitu, akachukua kofia.

Karani alinikumbuka kwa jina. Nilipomwambia kwamba baba yangu ni Yuma Abibu, fundi cherehani wa Bel-Air, alicheka mpaka akawaita wenzake. "Citoyenne, mwezi ilipita haukukuwa na baba. Leo uko naye. Ulimupata wapi, ku soko? Banauzisha ngapi?" Mzee Bahati akamwambia, "Andika, mutoto wangu. Utacheka kisha." Akaandika. Akasema taarifa itapelekwa Kinshasa kwa simu siku hiyohiyo, kwa sababu ya tarehe ya mwisho. Kwa mara ya kwanza nikaona serikali ina haraka.

Baba alikuwa anakata kanzu. Nilipomweleza hakuinua macho. Aliendelea na mkasi, akapita mstari wa chaki, akakata mpaka kifuani. Kitambaa cha mtu, cha bei. Akakitazama akasema, "Umeniharibia kazi." Sikujua anasema kazi gani. Kisha akanituma kwa mwalimu, nikamwambie kwamba atasimama Ijumaa ya tarehe 22.

Mama hajafurahi. Alinipokea mlangoni Katuba, hakunikaribisha. "Nafasi ile niliinunua na ndoa yangu, nawe unairudisha kama muzigo wa duka." Nikamwambia kwamba sasa atarudi nyumbani. Akasema, "Nitarudi. Nawe utakuwa umekaa pale, unachambua muchele." Nimeondoka hajaniaga.

Virginie ameondoka na ndege ya leo. Ameniachia madaftari yangu ya kemia. Anasema huko Kinshasa atapata mwalimu mwingine.

Baba anasema mambo yote haya yalianza na wewe. Sikuulizi kama ni kweli, kwa sababu barua uliyomwandikia ameniwekea mbele nikaisoma mwenyewe. Nimekusoma gazetini tangu nikiwa darasa la tatu, Mjomba. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu shuleni kwamba wewe huandiki jina la mtaa kabla hujaupita kwa miguu. Sielewi ulivyoandika kwamba umemwuliza mtu wa dini, na hukumwuliza.

Sitaleta tena barua kwa watu wa ndege. Baba hapendi, na mimi bado nakaa kwake. Nijibu jambo moja tu, kisha basi: Donat amerudishiwa nafasi yake?

Alima Yuma


Kinshasa, Jumapili 17 Oktoba 1976

Alima,

Donat hakurudishiwa. Katibu wa kamati amesema jana kwamba nafasi iliyoachwa wazi Shaba imejazwa kwa mapendekezo. Aliyeipata ni binamu mmoja wa Virginie, wa Golf, ambaye matokeo ya mtihani wake bado hayajatoka. Nilimwuliza katibu mtu anaingiaje kabla ya matokeo. Alisema matokeo yatafuata.

Donat aliandikiwa mwezi uliopita kwamba ametolewa. Mwalimu wake amenijulisha kupitia misheni ya Kasenga kwamba hakungoja. Ameanza kufundisha watoto wa darasa la kwanza katika chumba kilekile alichosomea. Aliambiwa kuna nafasi mwakani. Tarehe ya orodha ya mwakani bado haijatangazwa.

Jina lako limefutwa Shaba. Kivu imefungwa. Kwa udaktari, mwaka huu huhesabiwi mahali popote.

Uliloandika kuhusu mtu wa dini ni sahihi. Mtu angepaswa kuulizwa kabla.

Chuo cha ualimu hapo Lubumbashi bado kinapokea, na mkoa hakiulizi. Nimezungumza na mkuu wa masomo kwa simu jana jioni: watu wa sayansi wamewapungukia, na kwa alama zako hutafanya mtihani. Uandikishaji ni Jumatatu tarehe 25, saa mbili asubuhi. Wanataka mzazi awepo, ataje jina lake. Wakati huo baba yako atakuwa amekwisha kusimama.

Kunda